Siri ya Mtungi Aijuaye ni Kata: Uteuzi wa VPN na Faragha Katika Waifai ya Umma

Utangulizi

Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtungi hukaa pembeni, umefunikwa, na mpita njia hawezi kujua iwapo umejaa au umekauka, wala iwapo maji yake ni matamu au ya chumvi. Kata huyajua yote hayo kwa sababu moja tu: ndiyo inayoingia na kutoka mtungini kila siku. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumziwa mambo ya ndoa na ujirani. Hata hivyo, haiko mbali na maisha ya msomi wa leo, ambaye barua zake, madaftari yake na hata benki yake vimo ndani ya rununu na kipakatalishi, na ambaye kila anachokituma hupita mikononi mwa wengine kabla ya kufika kinakokwenda.

Chukulia mfano wa mwanafunzi wa uzamili aliyekwenda Lamu kukusanya data ya nyimbo za harusi. Mchana kutwa amewahoji kina mama na wazee. Bibi mmoja amemsimulia mambo ya ndoa yake mwenyewe, kisha akamwomba jina lake lisijulikane. Jioni mwanafunzi huyo anarejea katika nyumba ya wageni ambako nywila ya waifai imebandikwa ukutani kwa kila anayeingia. Anafungua kipakatalishi chake na kuanza kupakia rekodi za mahojiano katika hifadhi ya mtandaoni ili zisipotee. Sauti ya bibi yule si mali ya mtafiti, ni amana. Swali linalozuka ni hili: kati ya kipakatalishi na hifadhi hiyo kuna nani, naye ana uwezo wa kuona nini?

Jibu linalotolewa haraka siku hizi ni kuwa mwanafunzi huyo atumie VPN. Matangazo ya huduma hizi yametapakaa kote, na kila moja hujigamba kuwa ndiyo ngao kamili ya mtumiaji. Makala hii inalenga kufafanua VPN ni nini, hufanya kazi vipi, na ni vigezo gani vinavyostahili kuzingatiwa na mtu wa kawaida anayetaka kuichagua. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu. Huihamisha tu imani hiyo kutoka kwa mwenye waifai hadi kwa mwenye VPN. Kwa hivyo, kuchagua VPN ni kuchagua kata.

Dhana ya VPN na Utendakazi Wake

VPN ni kifupi cha jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa mtandao pepe wa faragha. Huduma hii haikubuniwa kwa ajili ya msafiri aliye mkahawani. Chimbuko lake ni ofisi. Katika miaka ya 1990 makampuni yalitaka wafanyakazi walio mbali wazifikie tarakilishi za ofisini kupitia intaneti ya wote, bila mambo ya ofisi kuanikwa njiani. Mwaka 1996 Microsoft na washirika wake walibuni itifaki iliyoitwa PPTP. Mwaka 2001 ikafuata OpenVPN, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na Machi 2020 WireGuard, iliyo nyepesi zaidi, ikaingizwa katika kiini cha mfumo wa Linux. PPTP imepitwa na wakati na udhaifu wake unajulikana. Mbili za mwisho ndizo zinazotegemewa sana leo.

Utendakazi wa VPN unaweza kuelezwa kwa mfano wa bahasha. Kwa kawaida, chochote kinachotumwa mtandaoni hugawanywa katika vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda. VPN inapowashwa, programu iliyo ndani ya simu hukitwaa kila kipande, ikakisimba, ikakitia ndani ya bahasha nyingine na kuandika juu yake anwani moja tu: ile ya seva ya VPN. Seva hiyo ndiyo huifungua bahasha ya nje na kukipeleka kipande kinakostahili. Tovuti inayokipokea huona anwani ya seva, si anwani ya simu iliyokituma.

Dhana ya kusimba, yaani kuugeuza ujumbe usieleweke na asiyehusika, si ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Watoto wa pwani wamezungumza kinyume tangu jadi: silabi ya mwisho huletwa mwanzo, nyumba ikawa 'mbanyu', na asiyeijua kanuni hubaki akikodoa macho. Washairi wa Mombasa wa karne ya 19, Muyaka bin Haji akiwa mstari wa mbele, walisemezana na wapinzani wao kwa mafumbo. Lakini fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Udhaifu wa kinyume uko papo hapo: siri yake ni kanuni, na kanuni ikishajulikana siri imekwisha. Usimbaji wa kisasa hufuata njia tofauti, iliyoelezwa mwaka 1883 na mwanaisimu Mholanzi, Auguste Kerckhoffs. Kwa maoni yake, mfumo unapaswa kubaki salama hata adui akijua kila kitu kuuhusu, maadamu hana ufunguo. Ndiyo maana huduma nzuri haiogopi kuuweka msimbo wake hadharani.

Waifai ya Umma: Hatari za Jana na za Leo

Ili kujua kama mwanafunzi wa Lamu anaihitaji VPN, ni sharti kwanza hatari iliyopo ipimwe bila kutiwa chumvi. Oktoba 2010 mtaalamu wa programu aitwaye Eric Butler alitoa Firesheep, kiongezo kidogo cha kivinjari cha Firefox. Kwa chombo hicho, mtu asiye na ujuzi wowote aliyeketi penye waifai isiyo na nywila aliweza kuyaona majina ya waliomzunguka waliofungua Facebook, na kwa kubofya mara moja akaingia katika akaunti zao. Butler alitaka kuzishinikiza kampuni kubwa zisimbe kurasa zao zote, si ule wa kuingizia nywila pekee.

Shinikizo hilo, pamoja na mengine yaliyofuata, lilizaa matunda. Leo anwani za tovuti nyingi mno huanza kwa herufi HTTPS, ishara kwamba mawasiliano baina ya kivinjari na tovuti yamesimbwa. WhatsApp nayo ilikamilisha Aprili 2016 usimbaji unaoufunga ujumbe kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Kwa mintarafu hii, mwenye nyumba ya wageni kule Lamu, hata akiwa mdaku wa kupindukia, hawezi kuisikiliza sauti ya bibi inapopakiwa katika hifadhi inayotumia HTTPS. Matangazo mengi ya VPN yanauza hofu ya mwaka 2010 kana kwamba tangu hapo hakuna lililobadilika.

Hii haimaanishi kuwa hatari zote zimetoweka. Kwanza, ingawa yaliyomo yamesimbwa, jina la tovuti inayotembelewa aghalabu huonekana, pamoja na saa na kiasi cha data kilichopita. Jina peke yake laweza kusema mengi. Anayetembelea tovuti ya kliniki fulani, ya chama fulani cha siasa au ya kampuni ya mikopo, tayari amefichua jambo hata kama ukurasa aliousoma haujulikani. Pili, kuna waifai bandia. Mlaghai anaweza kuweka kifaa chake karibu na mkahawa na kukipa jina lile lile la waifai ya mkahawa. Simu iliyozoea jina hilo huweza kujiunga bila kumuuliza mwenyewe. Tatu, zipo programu na tovuti ambazo hadi leo hazisimbi chochote.

Katika hali hizi tatu VPN husaidia, kwa kuwa mwenye waifai, awe halali au bandia, hupokea bahasha zilizofungwa zinazokwenda mahali pamoja. Hata hivyo, waifai nyingi za umma hudai kwanza mtu ajiandikishe katika ukurasa maalumu kabla ya kuruhusiwa kupita, na wakati huo VPN haijaanza kufanya kazi. Anayeandika nywila ya barua pepe yake katika ukurasa huo amejianika mwenyewe.

Yafaa vilevile kutenganisha waifai na waifai. Vyuo vikuu vinavyotumia eduroam, ambayo hapa nchini husimamiwa kupitia Mtandao wa Elimu wa Kenya, KENET, humpa kila mtu jina na nywila yake, na mawasiliano baina ya simu na mtambo wa chuo husimbwa. Mradi mwanafunzi hakubali kiholela cheti cha usalama asichokijua, njia hiyo ni bora kuliko nywila moja iliyobandikwa ukutani. Aidha, M-Pesa inayotumwa kwa menyu ya laini ya simu hupitia mtandao wa simu wenyewe, wala haipiti katika waifai. Anayewasha VPN ili kuilinda menyu hiyo anafunga mlango wa nyumba ya jirani.

Nani Huona Nini?

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Bila VPN, mwenye waifai na kampuni inayompa intaneti huona majina ya tovuti. VPN ikiwashwa, watu hao wawili huona jambo moja tu: kwamba simu fulani inawasiliana na seva ya VPN. Lakini yale majina ya tovuti hayakupotea. Yamehamia kwa kampuni ya VPN, ambayo sasa ndiyo kata inayoingia na kutoka mtungini. Kampuni hiyo huijua anwani halisi ya mteja, hujua anakokwenda na wakati gani, na mara nyingi huwa na barua pepe yake na namna alivyolipa.

Tofauti kati ya kata hizi mbili ni kubwa. Mwenye nyumba ya wageni humwona mteja kwa siku tatu, kisha mteja akaenda zake. Kampuni ya VPN iliyowashwa usiku na mchana humwona kwa miaka. Isitoshe, mwenye nyumba ya wageni yupo Lamu. Anajulikana, ana jirani na ana kadhi. Kampuni ya VPN huenda imesajiliwa katika kisiwa ambacho mteja hatakanyaga maishani. Maadamu hali ni hiyo, anayeipakua VPN yoyote aliyoiona kwanza, eti kwa sababu haiamini waifai ya nyumba ya wageni, amemkimbia jirani na kumpa mgeni ufunguo.

Vilevile kuna mambo ambayo VPN haiyagusi kamwe. Mtu aliyeingia katika akaunti yake ya Google au Facebook anajulikana na kampuni hizo hata apitie seva ya Uswisi. Ujumbe wa kitapeli unaomtaka mtu abofye kiungo na kutoa namba yake ya siri hupita katika VPN salama salimini. Programu iliyopewa ruhusa ya kusoma majina ya watu waliohifadhiwa simuni itaendelea kuyasoma. Simu iliyoibwa ikiwa haina nywila humfungulia mwizi kila kitu.

Visa Vinavyofunza

Madai kwamba kata yaweza kuwa msaliti si dhana tupu. Oktoba 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Kiisraeli iliyoitwa Onavo. Programu yake, Onavo Protect, ilitangazwa kuwa VPN ya bure inayolinda taarifa za mtumiaji. Kumbe taarifa za matumizi ya simu za watu hao zilikuwa zikikusanywa na kumwezesha mmiliki kujua ni programu zipi za washindani wake zilizokuwa zikipendwa. Programu hiyo iliondolewa katika duka la Apple Agosti 2018, na mwaka 2019 katika lile la Google. Julai 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni mbili tanzu za Meta faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kutowafahamisha wateja vya kutosha kuhusu matumizi hayo ya data. Kilichotangazwa kuwa mlinzi kilikuwa mpelelezi.

Mwaka 2015 ilibainika kuwa Hola, huduma nyingine ya bure, ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji wake. Mtu aliyeitumia bure aligeuka njia ya kupitishia mawasiliano ya wateja wengine wanaolipa, na yaliyofanywa na wateja hao yalionekana kana kwamba yametoka kwake. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya CSIRO ya Australia, walizichunguza programu 283 za Android zinazotumia ruhusa ya VPN. Asilimia 18 hazikusimba mawasiliano hata kidogo, asilimia 75 zilikuwa na vipengele vya kuwafuatilia watumiaji kwa niaba ya wengine, na asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi. Julai 2020 huduma kadhaa za bure zenye uhusiano na Hong Kong, ambazo zote zilidai hazitunzi kumbukumbu zozote, ziligunduliwa kuwa zimeacha wazi mtandaoni zaidi ya terabaiti 1 ya kumbukumbu hizo hizo.

Kulipa nako si hakikisho. Mwaka 2017 nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha kuwa kumbukumbu za PureVPN, iliyokuwa ikijitangaza kuwa haitunzi kumbukumbu, ziliwasaidia wachunguzi kumfikia mshukiwa wa unyanyasaji mtandaoni. Hakuna anayemlilia mnyanyasaji. Funzo lililopo ni kuwa tangazo lilisema jambo moja na kabati la kampuni likasema jingine.

Kwa upande wa pili, zipo kata zilizopitia mtihani na kufaulu. Tarehe 18 Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika katika ofisi ya Mullvad mjini Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi. Waliondoka mikono mitupu, kwani taarifa za wateja walizozitaka hazikuwapo. Kampuni hiyo haiombi jina wala barua pepe. Mteja hupewa nambari ya akaunti tu. Awali, ilijulikana mwaka 2017 kuwa maafisa wa Uturuki waliokuwa wakichunguza mauaji ya balozi wa Urusi waliikamata seva ya ExpressVPN na hawakupata humo kumbukumbu walizozitafuta. Kauli ya kampuni kuhusu nafsi yake ni dai. Ofisi iliyopekuliwa na kukutwa tupu ni ithibati.

Vigezo vya Uteuzi

Kutokana na visa hivyo, vigezo vifuatavyo vinaweza kumwongoza mwanafunzi au mhadhiri.

Kigezo cha kwanza ni mmiliki. Huduma isiyosema inamilikiwa na nani wala iko wapi haifai kukaribiwa. Hata zinazojulikana zapaswa kuchunguzwa, kwa kuwa majina mengi huweza kuwa na baba mmoja. Kampuni ya Kape Technologies, ambayo hapo awali iliitwa Crossrider, ilizinunua CyberGhost, Private Internet Access na, mwaka 2021, ExpressVPN. Mwaka huo huo ilinunua pia kampuni yenye tovuti zinazozipima na kuzilinganisha huduma za VPN. Kadhalika, NordVPN na Surfshark ziliungana chini ya kampuni moja mwaka 2022. Msomaji anayetegemea orodha za 'VPN 10 bora' yampasa ajiulize ni nani aliyemlipa mwandishi wa orodha. Ngoma ikisifiwa na mpigaji wake, masikio ya mchezaji ndiyo yaamue.

Kigezo cha pili ni ithibati ya kutotunza kumbukumbu. Haitoshi kampuni kuandika kuwa haitunzi chochote. Imewahi kukaguliwa na wakaguzi huru, na ripoti ikatolewa hadharani? Imewahi kufikishwa mbele ya mahakama au polisi, na ikawaje? Programu yake ina msimbo wa wazi? Ukaguzi wenyewe huonyesha hali ya siku ulipofanywa, kwa hivyo unaorudiwa mara kwa mara una uzito zaidi kuliko uliofanywa mara moja na kusahaulika.

Kigezo cha tatu ni chanzo cha pesa. Seva hukodiwa na wahandisi hulipwa mishahara. Ikiwa mteja halipi, kuna mwingine anayelipa, na analipia kitu. Hata hivyo si kila cha bure ni sumu. Proton VPN ya Uswisi, mathalani, hutoa mpango wa bure usio na kikomo cha data, na gharama zake hufidiwa na wateja wanaolipia mpango mkubwa zaidi. Swali linalofaa kuulizwa ni iwapo njia ya mapato yaeleweka. Anayeamua kulipia ajihadhari na mikataba ya miaka miwili au mitatu inayovutia kwa bei ya chini. Afadhali alipe mwezi mmoja, aijaribu huduma katika mazingira yake, kisha aamue.

Kigezo cha nne ni cha kiufundi. Huduma itumie WireGuard, OpenVPN au itifaki nyingine inayokubalika na wataalamu. Iwe na swichi ya kukata, yaani uwezo wa kuuzuia mtandao wote pindi VPN inapokatika ghafla, la sivyo simu itaendelea kutuma mambo waziwazi bila mwenyewe kujua. Isivujishe majina ya tovuti nje ya njia yake. Katika uchunguzi wa 2016 uliotajwa hapo juu, asilimia 66 ya programu zilivujisha. Umbali wa seva nao huathiri kasi: anayepitia seva ya Marekani ili kufungua tovuti ya Nairobi ameuvusha ujumbe wake bahari mbili bila sababu.

Mazingira ya Kisheria

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo humpa wajibu yeyote anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kujitoa katika kundi hilo. Hakuna sheria ya Kenya inayoharamisha matumizi ya VPN yenyewe. Hata hivyo, kosa linabaki kuwa kosa hata likitendwa nyuma ya VPN, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haimpi mhalifu msamaha kwa kuwa alijificha.

Kwa kuwa wanafunzi wa Kiswahili husafiri mara kwa mara kwa makongamano ya Afrika Mashariki, ni vyema wakumbuke kuwa mpaka ukivukwa sheria hubadilika. Nchini Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018 iliwasukuma wengi katika VPN, hadi ilipoondolewa mwaka 2021. Nchini Tanzania, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazohitaji kutumia VPN kuwasilisha taarifa zao kufikia tarehe 30 mwezi huo. Kwa hivyo msafiri aulize kabla ya kuvuka mpaka.

Wapo wanaodai kuwa asiye na hatia hana la kuficha. Historia ya fasihi ya Kiswahili inawakanusha. Abdilatif Abdalla aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani, kati ya 1969 na 1972, kwa siri, katika karatasi za msalani. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973 na imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Lau karatasi zile zingeonekana kabla ya wakati wake, zisingefika darasani. Faragha si pango la waovu pekee. Ni mahali ambapo fikra hukua kabla ya kuwa tayari kusikika.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Lamu afanye nini basi? Lililo rahisi zaidi ni kutumia data ya simu yake mwenyewe badala ya waifai ya ukutani, ikiwa kifurushi kinatosha. Asipoweza, na atumie VPN aliyoichunguza kwa vigezo vilivyotajwa, aliyoiweka kabla ya kusafiri, si ile aliyoipakua kwa pupa akiwa kitandani nyumba ya wageni. Lakini kabla ya hayo yote, azisimbe rekodi zenyewe ndani ya kipakatalishi kwa ufunguo anaoujua yeye, alitoe jina la bibi katika jina la faili, na aitunze mahali tofauti orodha inayooanisha majina na sauti. Akifanya hivyo, hata waifai ikiwa bandia, hata VPN ikiwa ya udanganyifu, hata hifadhi ya mtandaoni ikidukuliwa, kitakachopatikana ni fumbo lisilo na mfumbuzi.

VPN ni chombo chenye manufaa kwa anayejua mipaka yake. Huifunga njia kati ya simu na seva. Haimfungi mdomo mwenye seva. Matangazo yatazidi kunadi ngao, na majina mapya yatazuka kila mwaka. Bibi wa Lamu hatayasoma matangazo hayo, wala hatajua sauti yake ilipitia wapi. Alimtazama usoni kijana aliyeketi mbele yake, akaamini, akasema. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ya kwanza kabisa ni mtafiti mwenyewe.